Mkwe Wangu Asiyeumwa na Kunguni

Mkwe wangu ni fundi makochi, na mtaani wanamwita Sponji. Msidhani ni kwa ulaini. Mtu mwenyewe ni mgumu kama ubao wa mlango, ila kila anakokwenda anakwenda na vipande vya sponji: nyweleni, masikioni, kwenye mifuko ya suruali. Siku ya harusi yake binti yangu alimchomoa kipande nyuma ya kola mbele ya wageni wote, nikasema moyoni, haya, mwanangu ameolewa na mto.

Ufundi anao, simnyimi haki yake. Mpelekee kochi ambalo springi zimetoka nje kama mbavu za punda mgonjwa. Utakapokwenda kulichukua utaona haya kulikalia na nguo za kila siku. Ila ana kilema kimoja: hatupi kitu. Mteja akileta kochi la zamani, Sponji analivua kitambaa, anatoa yaliyomo ndani, ambayo yeye huyaita nyama, anaweka nyama mpya, anashona. Ile nyama kuukuu, ambayo mtu mwenye akili angeichoma, yeye anaipapasa, anaiminya, anaitazama ikifumuka, na kipande kikimpendeza anakipeleka nyumbani kwake.

"Sponji halizeeki, mama," aliniambia siku moja nilipomkuta akipanga vipande vile uani. "Linachoka tu. Ukiliacha likapumzika, linarudi."

"Basi baba, nami niacheni nipumzike," nikamwambia. "Huenda nikarudi kuwa msichana."

Hakucheka. Sponji hacheki mambo ya sponji.

Ni kwa nyama hizo alijitengenezea kochi lake la sebuleni. Ndani yake mlikuwa na kochi la daktari wa meno, vitanda vya nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi, kiti cha kinyozi, na godoro la mzee mmoja aliyekufa bila kujulikana ndugu zake. Mji mzima ulishindiliwa mle. Juu akalivika mahameli ya rangi ya zambarau, akalipiga vifungo vinavyong'aa, mikono yake minene kama mapaja ya mcheza mieleka. Halafu akalifunika nailoni, lisichafuke. Halafu akashusha mapazia mazito, jua lisipaushe mahameli. Halafu akapiga marufuku kulikalia. Watu wa nyumba ile waliishi gizani wakilizunguka kochi kwa ncha za vidole. Mimi mama mkwe, mtu mzima na mvi zangu, nikienda kuwasalimia wajukuu nilikaribishwa mkekani. Nilikunywa chai nikilitazama kochi, na kochi likinitazama.

Nasema lilinitazama. Subirini.

Haukupita muda mrefu binti yangu akaanza kujikuna. Wakafuata wajukuu zangu pacha, wasichana wawili, ngozi zao zikajaa vipele kama ukuta uliopakwa chokaa ya uvimbevimbe. Sponji je? Hana hata doa. Alikuwa akilala kama gogo na kuamka mweupe wa ngozi, laini kama yai lililomenywa.

"Mimi damu yangu chungu," akawa anajisifu, akijipiga kifua. "Mdudu akinionja anatema."

"Sasa sisi tunaumwa na nini?" mkewe akamuuliza.

"Mbu," Sponji akakata hukumu, na kwake yeye hukumu ikikatwa hakuna rufaa.

Hapo ndipo vita vya mbu vilipoanza. Aliweka wavu madirishani. Alichoma zile dawa za duara zilizojizungusha kama konokono, nyumba ikafuka moshi mpaka wapita njia wakawa wanasimama kuuliza kama wazima moto wameshaitwa. Alimwaga maji ya kuku wa jirani yake, mama mmoja muuza mkaa, akidai ndimo mbu wanamozaliwa, na yule mama akamwambia maneno ambayo mimi kwa umri wangu siwezi kuyaandika. Kisha akashona chandarua kwa mkono wake. Fundi makochi akishona chandarua hakishoni kama watu wengine. Alikifanya cha tabaka mbili, na badala ya kukichomeka chini ya godoro akakipigilia kwenye mbao za kitanda kwa ile bunduki yake ya pini, pande zote, akaacha kijipenyo kimoja cha kupita mtu kwa kutambaa.

"Hapo haingii hata pumzi," akasema.

Na ni kweli hakuingia mtu. Wala hakutoka. Maana waliokuwa wakiuma walikuwa ndani ya mbao za kitanda tangu zamani, wamejaa kwenye maungio kama abiria wenye tiketi. Sponji aliwafungia wanangu pamoja na walaji wao, akawapigilia na pini. Mbu wenyewe wa mtaa ule walikonda. Mmoja nilimwona kwa macho yangu amekaa ukutani kwa muuza mkaa, ameshika tama.

Asubuhi pacha walikuwa wakitoka kwa kutambaa kupitia kile kijipenyo, vipele vimepangana mgongoni kwa mstari, kimoja nyuma ya kingine, kama mshono wa cherehani. Fundi mzima anayeijua mishono yote ya dunia, mshono ule hakuuona.

Siku moja binti yangu akamkamata mmoja kwenye foronya, akamtia ndani ya kibiriti kitupu, akampelekea mumewe karakanani.

"Huyu nani?"

Sponji akachungulia. "Huyu ni mdudu wa maharage."

"Mdudu wa maharage anatafuta nini kitandani?"

"Muulize mwenyewe. Labda umewalisha watoto maharage huko."

"Baba pacha, huyu ni kunguni."

"Shh!" Sponji akaruka akafunga mlango wa karakana. "Unataka kuniua? Neno hilo wateja wakilisikia, nani ataniletea kochi lake? Kwangu hakuna huyo mdudu. Angekuwepo angeniuma mimi, mwenye nyumba. Nimeumwa? Tazama. Nimeumwa?" Akavua shati. Mgongo unang'aa kama sinia.

Mtasema basi ni woga wa kazi tu. Hapana. Kazi ilikuwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa kwamba Sponji aliamini kabisa, kwa moyo mweupe, kuwa kisichomfikia yeye hakipo. Baridi ikiwa hajaisikia yeye, hakuna baridi, watoto wanadeka. Supu ikiwa haijamzidi chumvi yeye, haijazidi. Ndiye mwanamume aliyewahi kumwambia binti yangu akiwa na uchungu wa pacha kwamba huenda ni gesi.

Kilichovunja chungu ni shule. Mjukuu wangu mkubwa, mkubwa kwa kumtangulia mwenzake mlangoni tu, alisimamishwa asome kwa sauti mbele ya darasa. Akasoma vizuri sana. Huku akisoma, kunguni mmoja akatoka kwenye kola ya sare yake, akapanda shingoni, akatembea mpaka sikioni, polepole, kama mkaguzi. Darasa zima likaacha kitabu likamfuata kunguni. Mpaka kengele inalia mtoto alikuwa ameshapewa jina, na jina hilo sitalitaja, maana bado tunalifuta.

Alirudi nyumbani, habari ikasimuliwa na mwenzake. Baba yake aliposimuliwa akasema, "Huyo mdudu ametoka kwa mtoto mwingine. Kwangu hakuna."

Binti yangu alichukua watoto wake, mmoja huku mmoja kule, akaja kwangu.

Mimi ni mama, ila si mjinga. Niliwapokea nje. Nguo zote walivulia nyuma ya tangi la maji, nikazitia kwenye sufuria kubwa nikazichemsha mpaka rangi zikabadilishana. Vichwa nikavisugua. Ndipo nikawakumbatia.

"Mama, sirudi," binti yangu akaniambia, amejifunga kanga yangu. "Sitaki chandarua, sitaki dawa. Nataka aseme kwa kinywa chake, 'Tuna kunguni.' Akisema, narudi. Asiposema, watoto hawa watakulia hapa kwako."

Nilimtazama, nikaona hatanii. Nikaitazama nyumba yangu ya chumba na sebule. Nikakumbuka binti yangu anavyopiga mateke usingizini. Nikasema, lazima mwanamume huyu aseme.

Sponji naye akaona aibu ya kulala peke yake imezidi, akaitisha kikao cha wakubwa. Upande wake alimwita dada yake, ambaye sisi tunamwita Wifi Marashi, kwa sababu anakuja kwanza harufu, yeye baadaye. Upande wetu alimwalika kaka yangu, mjomba wa binti. Kaka yangu alikuwa msimamizi wa reli maisha yake yote na anaketi kama reli. Hajawahi kuegemea kitu. Akianza hotuba, watu wanaaga kazini kabisa.

Tulifika mchana, jua limepamba moto nje, ndani giza la pango. Na ndipo nikaona jambo ambalo sikutegemea kuliona kabla ya kufa. Nailoni imevuliwa. Kochi la zambarau liko wazi, linapumua.

"Karibuni wakwe zangu," Sponji akasema, uso umejaa fahari. "Leo mtakaa juu ya kazi yangu. Mtaona wenyewe kama hii ni nyumba ya wadudu. Shikamoo mama. Keti hapa katikati."

"Marahaba baba," nikamwambia. "Mgongo wangu unataka ubao." Nikaenda kuketi kwenye kigoda cha jikoni karibu na mlango. Binti yangu akasimama nyuma yangu.

"Na wewe kaa, mama pacha," kaka yangu akamwambia.

"Nimezoea kusimama, mjomba. Katika nyumba hii kochi si la watu."

Kwa hiyo kochini wakaketi watu watatu: kaka yangu upande huu, Wifi Marashi upande ule na soksi zake ndefu za kung'aa, na Sponji katikati, mikono ameitandaza juu ya mahameli kama tajiri anayepigwa picha.

Sasa fikirini upande wa waliokuwa ndani. Tangu kochi lile lishonwe wamekaa chini ya nailoni wakisikia harufu za watu wakipita. Wenzao waliokwisha hamia vitandani walikula. Waliobaki walikuwa wamefunga. Akina babu na bibi wa kunguni, wenye kusimulia wajukuu zao habari za nyumba ya wageni ya karibu na stendi, jinsi watu walivyokuwa wanene. Halafu ghafla nailoni inaondoka, giza limetulia, na juu ya paa linateremshwa kalio la msimamizi wa reli.

Kaka yangu akakohoa, akaanza. "Ndugu zangu, ndoa ni jambo zito. Nitaanza na babu yetu, ambaye alioa mwaka wa nzige…"

Nilishusha pumzi. Akianza na babu, huwa tunafika kwa baba jua likizama.

"…babu yetu alikuwa mtu wa…" Akasogea kidogo. "Mtu wa subira." Akasogea tena. "Kwa kifupi alioa, akamzaa baba. Baba naye akaoa. Tukazaliwa."

Nilimgeukia binti yangu. Vizazi viwili kwa sentensi tatu! Hata kwenye mazishi ya baba hakuwahi kufupisha hivyo.

Wifi Marashi akadakia, miguu ameikunja huku mmoja ukiusugua mwenzake. "Kwa ruhusa yako mjomba. Wifi yangu anadeka. Hilo ndilo tatizo. Mbu ni mbu, kila mtu anaumwa na mbu, hatuondoki kwenye nyumba za waume zetu kwa ajili ya… kwa ajili ya…" Akajipiga kibao cha paja, pah! "Kwa ajili ya mbu!"

"Umempata?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Mbu."

"Sijui, mama." Akaingiza kidole ndani ya soksi. "Mbu wa hapa wanaingiaje ndani ya soksi?"

"Ndio mbu wa hapa," binti yangu akasema. "Wana bidii."

Sponji katikati ametulia, anatabasamu. Huku ndugu zake wa kulia na kushoto wakiyumba kama watu waliopanda boti, yeye alidhani hotuba zinawagusa. Akamshika kaka yangu bega. "Usilie mjomba. Yataisha."

Kaka yangu hakuwa analia. Alikuwa na jasho la mtu anayebana jambo. Mbele ya wakwe mtu mzima hajikuni, hasa mahali alipokuwa anaumwa yeye. Alijitahidi, Mungu anamwona. Alikunja ngumi. Alikaza shingo. Alitaja majina ya stesheni zote za reli kimoyomoyo, maana niliona midomo ikicheza. Mwishowe akanyanyuka wima kwa mara moja, kama bendera.

"Tutaendelea tukiwa tumesimama," akasema.

"Mjomba, kochi halijakupendeza?" Sponji akauliza, na uso ukambadilika. Hapo aliguswa. Mke kuondoka ni jambo moja, kulikataa kochi lake ni jambo jingine.

"Kochi zuri sana, mkwe. Limejaa."

"Limejaa nini?"

Wifi Marashi naye akasimama, soksi ameshusha mpaka kifundoni, na kwenye muundi wake, jamani, ule mshono wa cherehani, mbichi, mwekundu, unavimba tukiutazama.

"Kaka," akasema, sauti imekonda. "Una nini kwenye hili kochi?"

"Sponji! Sponji safi! Nimelishona mimi, kwa mikono hii!" Sponji akaruka. "Mnanidhania nini? Nitalifungua mbele yenu, muone!" Akachomoa mfukoni mkasi wake mkubwa, hawezi kutembea bila huo mkasi, akapiga magoti, akachana mahameli ya zambarau kutoka mkono hadi mkono. Akavuta ile nyama nje kwa mikono miwili. Kisha, kwa hasira ya kutuonyesha vizuri, akafungua mapazia. Jua likaingia sebule ile kwa mara ya kwanza.

Sponji lilikuwa jeusi kwa madoa kama mkate uliomwagiwa ufuta. Ufuta ukaanza kutembea.

Walitoka ukoo kwa ukoo. Walitoka wakubwa wakishikana na wadogo. Nasema hivi na anayetaka abishe: mmoja wao, mzee, mnene, alipita karibu na kigoda changu akanipisha njia. Wifi Marashi alikuwa ameshafika nje, viatu vimebaki. Kaka yangu alikuwa anajikuna kwa mikono yote miwili, heshima ameiweka kando, uso umejaa furaha ya mbinguni.

Sponji alibaki amepiga magoti. Kunguni watano sita walikuwa wanapanda mkono wake, wakasimama kwenye mshipa, wakainama, wakala. Tuliwaona. Akawaona. Alikuwa anawatazama kama mtu anayetazama mkono wa jirani.

"Lakini… hawaniumi," akasema.

"Wanakuuma," binti yangu akamwambia kutoka mlangoni, wala hakupaza sauti. "Siku zote wamekuuma. Ni wewe tu huna habari."

Nilitaka kusema neno la kuchekesha, nikalikosa. Ni mara chache.

Sponji aliupangusa mkono polepole. Akalitazama kochi, akaliambia kwa sauti ya chini, "Tuna kunguni."

"Huku," mkewe akasema.

Akageuka kwa magoti. "Mama pacha. Tuna kunguni. Walimtia mwanangu aibu nikasema hawajatoka kwangu."

Alipofika hapo kwenye mtoto, mimi nikapata kazi ya kukagua kigoda changu chini.

Msidhani binti yangu alirudi siku hiyo. Alisema "narudi", hakusema "leo". Sponji aliburuta kochi uani akalichoma, na akalisimamia mpaka majivu, kofia mkononi. Muuza mkaa alitoka kutazama, akamletea mkaa wa kuchochea, bure, kwa moyo mweupe kabisa. Pini za chandarua alizing'oa moja moja. Vitanda alivifungua, akavimiminia maji yanayochemka kwenye kila ungio. Mashuka yakapita kwenye sufuria yangu. Magodoro yakafuata kochi. Mapazia hayajashushwa tena. Na kila nyama kuukuu ya mteja sasa inachomwa nyuma ya karakana mteja akitazama. Ajabu ni kwamba wateja wameongezeka. Watu hawakuwa wanaogopa fundi mwenye kunguni. Walikuwa nao wote, wanaogopa kuwa wa kwanza kusema.

Ila tatizo la Sponji halijaisha. Ngozi ile bado haina habari. Kwa hiyo kochi lolote likiletwa karakanani, ananipigia simu. "Shikamoo mama. Kuna kiti kimekuja, kutoka hotelini." Nami nafika, nakaa, naagiza chai yenye tangawizi, nasubiri. Ngozi yangu haijawahi kusema uongo, tofauti na mdomo wangu. Kuna wakati kiti ni kizima kabisa na mimi najikuna tu, ili chai ya pili ije.

Na binti yangu? Yuko kwake. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, kabla ya kutafuta viatu vyake, Sponji anakaa ukingoni mwa kitanda chao kipya cha chuma na kumuuliza, "Umeumwa?" Akiambiwa ndiyo, habishi. Anaenda kubandika maji ya moto.